Mwanandani wa Gati

Mwatumu binti Haji hapendwi mtaani kwao Nguvumali, na ukimuuliza mwenyewe atakwambia kwamba hilo halimpunguzii usingizi wala wali. Ana miaka hamsini na mbili, mdomo mchungu kama shubiri, na hana dogo. Ukimkanyaga leo kwa bahati mbaya, kesho utajua kwamba ulikanyaga mtu. Mume wake wa kwanza alimwacha kwa ajili ya mdomo huo. Wa pili alikufa, na wapo waliosema kwamba naye aliona hiyo ndiyo njia ya mkato. Mwatumu aliyasikia hayo matangani, akasimama katikati ya wanawake, akamjibu msemaji palepale hadi yule mama akakosa pa kuuweka uso wake.

Lakini tumpe haki yake. Kuna kazi moja ambayo mji mzima wa Tanga hauna wa kumfikia, nayo ni kulishikiza gati linaloelea lisichukuliwe na maji.

Mtu wa bara anaweza kudhani bahari imekaa tu kama bwawa. Pwani hii maji hayatulii. Siku za maji mafu yanapanda na kushuka kwa adabu. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, saa nne asubuhi unatembea kwa miguu juu ya tope mahali ambapo saa kumi alasiri watu wawili wakisimamiana mabegani hawaonekani. Ndiyo maana wenye boti wakabuni magati ya mapipa: mapipa ya plastiki chini, mbao juu, maji yakipanda gati linapanda, yakishuka linashuka. Kuelea si kazi, hata nazi inaelea. Kazi ni kulizuia. Kamba ikiwa fupi, maji yakijaa gati linavutwa chini na kamba yake lenyewe. Ikiwa ndefu, maji yakipwa linatangatanga na kujigonga kwenye mawe. Na nanga ikiwa haikushika, utalitafuta gati lako kwa jirani.

Mwatumu aliingia katika kazi hiyo akitokea kwenye pweza. Tangu msichana alikuwa akishuka na wanawake wenzake maji yakishapwa, leso kiunoni, chuma cha kuchokolea mapango mkononi. Siku moja aliwakuta watu wa mradi fulani wanahangaika na chelezo chao kinachoelea, cha kunenepeshea kaa. Walikuwa wameyaweka mabonge ya zege juu ya tope, na kila bamvua mabonge yaliburutwa kama mbuzi wa kafara. Mwatumu akacheka kwa sauti. Mkubwa wao, kwa hasira, akamwambia kama anajua zaidi aje afanye yeye. Akaja akafanya. Chelezo kile kimekaa pale miaka saba.

Alichokifanya ni hiki, nacho ndicho kiini cha ugomvi wote. Jiwe la zege hakuliweka juu ya tope, alilizika. Tena hakulizika hivihivi. Marehemu baba yake, Mzee Haji, alikuwa mchimba makaburi, na kila Mwislamu anajua kwamba kaburi halichimbwi kwenda chini tu. Ukishafika chini unachonga ubavuni chumba chembamba, mwanandani, na humo ndimo maiti analazwa, juu yake kuna udongo ambao haukuguswa na jembe. Mwatumu alichimba shimo lake, kisha akachonga mwanandani upande unaoelekea gati, akalisukuma jiwe humo, akatoa kamba kwa mfereji mwembamba, akafukia. Gati likivuta, linalivuta jiwe liingie ndani zaidi, chini ya udongo mgumu ambao bahari imeushindilia tangu enzi na enzi. Ili litoke, inabidi ling'oke na bahari yenyewe. Kamba alizipima siku ya bamvua kubwa maji yakiwa juu kabisa, akaongeza pima moja ya ziada, na katikati ya kila kamba akaning'iniza jiwe dogo la kuivuta ilegeapo. Jiwe hilo aliliita mkwe, kwa kuwa kazi yake ni kukaa katikati na kutuliza pande zote mbili. Mkwe wa namna hiyo, alisema, yeye hakujaliwa kumpata.

Mwanandani hakufundishwa na mtu. Mzee Haji alimfundisha mwanawe wa kiume, Mudathir, kwenye mchanga wa nyuma ya nyumba, na Mwatumu alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Mudathir alikuwa mzito wa kushika, mara mbili mwanandani ulimporomokea. Mwatumu, na nazi yake, alishika siku ya kwanza. Mudathir alipewa jembe la baba na heshima ya mji, kwa kuwa mwanamke haendi makaburini kuzika. Mwatumu alibaki na nazi. Msinihubirie kuhusu ndugu wanaopendana: hawa wawili walianza kuchukiana pale, na kila mwaka uliongeza tabaka lake.

Basi mwaka jana, kabla ya Ramadhani, Bwana Turki wa Chumbageni akamwita Mwatumu. Turki ni mtu wa ukoo wa Kimanga, wana nyumba na mashamba tangu babu, mwenyewe mpole wa sauti, hapendi makelele, ana kiwanja ufukweni na boti mbili za kubeba wageni. Alikuwa amejenga gati la mapipa thelathini na sita, kubwa kuliko yote aliyowahi kuyashika Mwatumu. Kwa mwanamke wa pweza, gati lile lilikuwa kila kitu. Likisimama, hakuna atakayemwita tena yule mama wa Nguvumali. Wataanza kumwita fundi.

Akazika mawe manne: mawili upande wa bahari, ambao pale ni kaskazini, mawili upande wa nchi kavu, ambao ni kusini. Yale ya baharini mwanandani wake ulitazama kusini, liliko gati. Yale ya nchi kavu ulitazama kaskazini. Siku ya pili ya kazi ilikuwa Ijumaa. Wanaume wakatoka msikitini, wakashuka ufukweni kupunga upepo, wakamkuta mwanamke amezama kiunoni ndani ya kaburi.

Kufika Alasiri picha ilikuwa imeenea kwenye kundi la WhatsApp la msikiti, chini yake imeandikwa: Makaburi baharini, tunaelekea wapi? Kila mwenye kidole akaandika lake. Mmoja alisema ni uchawi. Mwingine alisema si uchawi, ni dharau kwa maiti. Wa tatu, mzee mmoja wa miwani ambaye hakosi sababu ya kuudhika, akaikuza picha, akaitazama, akatoa la kutoa: mwanandani wenyewe hauelekei kibla! Unaelekea kusini! Na hapo moto ukashika makuti. Walewale waliosema haifai kuchimba kaburi baharini sasa wakasema kwamba, kama ni kuchimba, angalau angelielekeza inavyopasa. Kibla cha Tanga ni kaskazini moja kwa moja, hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua.

Jioni ile Mudathir akaja kwa dadake, hakubisha hodi.

"Umenivua nguo," akasema. "Nimepita barazani watu wananyamaza. Nakula kwa jembe hili, Mwatumu. Watu wananipa baba zao na mama zao niwalaze. Wewe unakwenda kulaza zege, tena mgongo kwa kibla!"

"Shikamoo kaka."

"Sitaki shikamoo yako."

"Basi rudi nayo. Zege haliulizwi swali kaburini na Munkari na Nakiri, kaka. Zege halina kibla. Linaangalia linakovutwa."

"Nani alikufundisha wewe mwanandani?"

"Wewe. Nilikutazama ukikosea."

Lilikuwa neno la kutia chumvi kidondani, na alilitia makusudi. Mudathir alikuwa na miaka hamsini na sita, mvi zimemjaa, na bado neno la nazi na mchanga lilimchoma kama mtoto. Akatoka bila kuaga, akaenda moja kwa moja hadi Chumbageni kwa Turki.

Aliyoyasema huko hakuna aliyeyasikia, ila matokeo yake kila mtu aliyaona. Turki alimpigia simu Mwatumu asubuhi.

"Bi Mwatumu, mimi sina ugomvi na kazi yako. Lakini sitaki fitina mlangoni kwangu. Kaka yako atayafukua mawe ayaweke kwa heshima. Kazi uliyofanya nimeshakulipa, tusameheane."

"Bwana Turki, Mudathir anajua nini habari ya maji?"

"Anajua kuchimba."

"Anajua kumchimbia mtu asiyetikisika!"

"Bi Mwatumu," Turki akasema kwa ile sauti yake ya chini, "nimesema sitaki fitina." Akakata simu.

Mwatumu aliitupa simu kitandani, akakaa chini sakafuni, akalia kwa hasira hadi leso ikalowa. Tusimsingizie ushujaa. Aliumia. Alikuwa ameliota gati lile miezi mitatu, na amenyang'anywa na mtu yuleyule aliyemnyang'anya jembe.

Bamvua lilipofika, akashuka pwani na chuma chake cha pweza kama mtu asiye na habari. Saa nne, tope tupu hadi mbali. Mudathir alikuwa shimoni kazini. Juu ya ukuta wa mawe walisimama wanaume kumi na mmoja, mikono nyuma, mzee wa miwani mbele yao, wanatazama kama wanavyotazama maziko. Mwatumu alipita karibu, akapunguza mwendo, akachungulia shimo la kwanza, la upande wa bahari. Mwanandani ulitazama kaskazini. Akachungulia la pili. Kaskazini. Ya nchi kavu nayo kaskazini. Yote manne, kibla barabara, yamechongwa vizuri, kuta zimenyooka kama zimepigwa rula. Baba angemsifu.

Mwatumu alielewa papo hapo. Mawe ya nchi kavu yalikuwa salama, kwa kuwa kwayo kibla na gati viko upande mmoja. Mawili ya baharini yalikuwa yamelazwa kinyume. Nyuma ya mgongo yalikuwa na udongo mgumu usio na faida, na mbele yao, kule yatakakovutwa, palikuwa na shimo litakalofukiwa kwa tope laini. Bamvua dogo litayasamehe. Bamvua kubwa la mwezi wa tatu, na upepo wa kaskazi ukisukuma bado, litayang'oa kama mihogo.

Alisimama pale kiasi cha mtu kusoma Fatiha. Neno lilikuwa moja tu: geuza. Lilimfika ulimini. Mudathir akainua uso kutoka shimoni, jasho na tope, akamwona.

"Unatafuta nini?" akauliza kwa sauti ili walio ukutani wasikie. "Pweza wako kule."

Wanaume wakacheka. Mwatumu akalimeza neno lake, akaenda zake kwa pweza. Na niwaambie ukweli, alilimeza kwa raha. Lilishuka tamu.

Wiki nne alitembea nalo. Alikuwa akikoroga uji anacheka peke yake. Mudathir alitembea mjini kifua mbele, akieleza barazani jinsi alivyorekebisha upuuzi wa wanawake, na kila alivyoeleza ndivyo Mwatumu alivyonenepa moyo. Mke wa Mudathir, Sabra, ambaye hakuwa na ubaya na mtu, alimkuta bombani akamwambia, "Wifi, kaka yako anasema kazi imekwisha salama." Mwatumu akajibu, "Alhamdulillahi." Na siku moja sokoni Turki mwenyewe alisimama mbele yake, mtu muungwana, ana aibu kidogo, akamuuliza kama amepita kuiona kazi ya kaka yake.

"Nimeiona," Mwatumu akasema. "Inapendeza."

Turki akashukuru, akaenda zake.

Bamvua kubwa likaja siku tatu kabla ya Idi. Saa tisa na nusu maji yalikuwa yameshafika kwenye ngazi ya ukuta na bado yanapanda, kaskazi inavuma, gati linapanda na kujinyoosha kwenye kamba zake. Mfanyakazi wa boti akaona upande wa bahari unalegea. Turki akampigia Mudathir, na Mudathir, sifa yake hii, hakusitasita. Alikuja na pikipiki na saumu yake, akarukia gati, akaishika kamba kama kwamba mtu mmoja anaweza kuyashika mapipa thelathini na sita. Jiwe la kwanza lilitoka kimyakimya. La pili likatoka kwa mshindo, na gati zima likageuka na kwenda kwenye ukuta. Mudathir aliruka kushuka, akachelewa. Mguu wake wa kulia ulibaki katikati ya mbao na mawe.

Waswahili husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa mkuu ndiye aliyevunjika, na la mdogo hakulisikia kwa kuwa mdogo hakulisema.

Habari zilimfika Mwatumu akiwa anapika futari. Kwanza alifurahi, na sitaficha hilo. Alipiga hata kofi moja. Kisha akasikia la mguu, kofi la pili likabaki hewani. Usiku huo hakula daku. Siku ya pili, saa ya kuona wagonjwa, akaenda hospitali, na njiani alijiambia kwamba anakwenda kumwambia ukweli. Ila ukweli aliokuwa nao ulikuwa umenolewa.

Mudathir alikuwa amelala, mguu umefungwa plasta hadi pajani. Sabra alipotoka kuchukua maji, Mwatumu akainama.

"Nilijua," akasema. "Siku ileile uliyoniambia nikatafute pweza. Nilitazama shimo nikajua jiwe litang'oka. Nikanyamaza."

Alingoja atukanwe. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, ana majibu yake tayari. Mudathir alitazama dari.

"Na mimi nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Nilipolifukua jiwe lako la kwanza. Nililivuta na watu wawili, halitoki. Limekaa mle kama jino. Nikaona ulivyoligeuza, nikaona sababu. Mimi si mpumbavu, Mwatumu."

"Sasa mbona ukachimba kaskazini?"

"Walikuwa wamesimama ukutani watu kumi na mmoja. Wote nimewazikia. Ningechimba mwanandani kuelekea kusini, mimi, mbele ya macho yao, baada ya yale niliyosema barazani? Nani angenipa maiti wake tena?"

Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe Mwatumu alikaa na mtu kimya hadi kengele ya kuwatoa wageni ikalia. Walikuwa wameliua gati wao wawili, mmoja kwa hofu na mmoja kwa kinyongo, wote wakijua. Na hata hivyo alipotoka alimchukia zaidi kuliko alipoingia. Mtu anayekosea kwa ujinga unaweza kumcheka. Huyu alikuwa amemwona kuwa ni sahihi, akamvunja akijua.

Baada ya Idi, Turki akawaita ufukweni wote wenye neno. Maji yalikuwa yamepwa. Mawe mawili ya zege yalilala juu ya tope na kamba zake, gati limeegemezwa ukutani, mapipa tisa yamepasuka. Wanaume walewale walikuwepo. Na walikuwa wamekuja na maneno mapya: kwamba kamba zilikatwa, kwamba kuna mwanamke mwenye wivu aliyeonekana pale siku ya kazi na chuma mkononi.

"Kamba hizo hapo," Turki akasema. "Hazikukatwa. Mawe yametoka." Akamgeukia Mwatumu. "Bi Mwatumu, mimi nilikosea kukutoa. Nataka uanze upya, uchimbe unavyojua wewe, na asiyependa asipite kwangu."

Hilo ndilo lililokuwa jambo lenyewe alilolitaka, limeletwa mbele yake kwenye sinia. Angesema tu inshallah, akachukua jembe. Lakini mzee wa miwani akakohoa nyuma, akasema kwamba kazi ya Mudathir ilikuwa kazi ya fundi, na ni jicho la hasidi lililoing'oa. Mwatumu akageuka, damu imempanda.

"Jicho!" akasema. "Jicho langu liliona, ndiyo! Nilipita hapa, nikachungulia mashimo, nikajua yote mawili ya baharini yatatoka bamvua kubwa. Nilijua siku, nilijua hata upande gati litakakogonga! Nyinyi kumi na mmoja mmesimama hapo juu na ndevu zenu hamkuona kitu, mimi muokota pweza niliona kwa kupita tu. Sasa nani fundi?"

Pakawa kimya. Mwatumu alidhani ni kimya cha kushindwa, akakifurahia. Alipomtazama Turki ndipo alipojua amefanya nini.

"Nilikuuliza sokoni," Turki akasema taratibu. "Nilisimama mbele yako nikakuuliza."

Mwatumu akazitazama kandambili zake pale topeni.

"Ukaniambia inapendeza. Watu wangu wanapanda gati lile, Bi Mwatumu. Binti yangu Afra alikuwa amekaa juu yake nusu saa kabla halijang'oka." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kaka yako hakujua. Asiyejua atafundishika. Wewe ulijua. Mimi nawezaje kulala na gati ulilolishika wewe, kila siku nikijiuliza leo umekasirika na nani?"

Hapo Mwatumu alikuwa na jiwe la kurusha, tena kubwa. Kaka yake hakujua? Kaka yake alijua fika, alisema kwa kinywa chake kitandani hospitali, na angeapa kwa msahafu kwamba alisikia. Alifungua mdomo. Wanaume kumi na mmoja walimtazama. Angesema, na Mudathir asingezika tena mtu katika mji huu, si kwa mguu bali kwa aibu. Na baba yao aliacha mikono miwili tu inayojua kuchonga mwanandani usioporomoka. Mmoja ni wake mwenyewe, na huo sheria haiuruhusu ufike makaburini. Basi siku yake yeye Mwatumu ikifika, ni nani atakayemlaza? Wale vijana wanaochimba mtaro na kuuita kaburi? Si mapenzi yaliyomfunga mdomo. Msije mkasema alimsamehe. Alifanya hesabu ya mwili wake mwenyewe, akafunga mdomo, na safari hii neno lilishuka chungu.

"Wenye mji wamesema," akasema, akaokota kandambili zake, akaondoka. Nyuma yake mzee wa miwani alisema Alhamdulillahi.

Mwaka ukaenda. Gati lilikaa ukutani masika yote. Mwatumu akarudi kwenye pweza. Wenye vyelezo vya kaa waliokuwa wakimwita wakaacha kumwita mmoja mmoja, maana habari ya sokoni ilizunguka haraka kuliko ya mwanandani. Mwezi wa tisa, bamvua kubwa la pili la mwaka, alishuka asubuhi na kapu lake, akapita mbele ya kiwanja cha Turki kwa kuwa bahari haina njia nyingine.

Mudathir alikuwa shimoni. Anachechemea sasa, fimbo imelazwa pembeni. Wanaume wako ukutani, Turki yuko chini kwenye tope, suruali imekunjwa. Mwatumu alikusudia kupita bila kutazama, na macho yakamshinda. Shimo la upande wa bahari lilikuwa limechongwa mwanandani unaotazama kusini, lilipo gati.

"Maalim Mudathir," mzee wa miwani akaita kutoka juu, "mbona safari hii umegeuza?"

"Maiti anaelekezwa kibla," Mudathir akajibu kwa sauti ya mtu anayesomesha. "Zege halina kibla. Linaangalia linakovutwa."

Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, na wenzake wakatikisa. Turki akasema hayo ni maneno ya fundi, akamuuliza nani aliyemfundisha elimu hiyo.

Mudathir akainua uso. Mwatumu alikuwa hatua kumi kutoka kwake, pweza wawili kapuni, miguu imezama tope. Wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amemkemea, hakuna aliyekuwa amemharakisha, na jibu lilikuwa limesimama mbele yake kwa miguu yake miwili.

"Marehemu baba," Mudathir akasema.

"Allah amrehemu," Turki akasema, na wanaume wote wakaitikia amina. Mwatumu naye akaitikia, kwa sababu dua ya mzazi haikataliwi. Kisha akahamisha kapu bega la pili, akaenda zake.

Gati lile halijatikisika mpaka leo. Na Mwatumu, tangu asubuhi ile, hajampa kaka yake shikamoo, na Mudathir hajaidai.